Plagi moja imelowa oili, je injini ndo imekufa?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ, ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka na nikikanyaga mafuta kupanda mlima inamisi, yaani inakatakata. Fundi kachomoa plagi zote nne, tatu ni za kahawia ila ya silinda namba 2 imelowa oili, akasema ringi (pete za pistoni) zimekwisha nitafute injini ya mtumba. Moshi sioni, oili inapungua kidogo sana. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole sana ndugu yangu, ila hela ya injini usiitoe kwanza. Swali la kumuuliza fundi wako ni hili, hiyo oili ilikuwa upande gani wa plagi? Kwenye 1NZ plagi zinakaa ndani ya mashimo marefu katikati ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), gasketi na sili zake zikikakamaa oili inavuja inajaa kwenye shimo, inalowesha koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) na mpira wake, moto unapotea njiani na gari inamisi kama unavyoeleza. Halafu fundi akifungua plagi shimo likiwa bado limejaa, oili inashuka mpaka kwenye ncha, basi anaona ncha imelowa anasema ringi! Shimo linanyonywa na kufutwa kwanza ndo plagi inafunguliwa, na injini iwe imepoa maana hedi (sehemu ya injini plagi zinapofungwa) ni ya alumini, thredi zinaharibika kirahisi.

Kwa hiyo safisha, funga plagi mpya, endesha siku kadhaa kisha ifungue tena. Ncha ikiwa kavu na kahawia, tatizo ni gasketi ya tapeti kava, badilisha na sili zake, na koili ya namba 2 ihamishie namba 3 uone kama misi inahama nayo. Ila ncha ikirudi nyeusi inang'aa kwa oili wakati shimo ni kavu, hapo kweli oili inaingia ndani, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), ikiwa ndogo weka oili kidogo kwenye silinda upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda angalia valvu. Na kompresheni ikiwa nzuri kabisa, mimi ningeangalia sili za valvu, ambazo hazihitaji injini nyingine.

Hizo tatu za kahawia zinakupa moyo sana, ndo rangi ya mafuta yanayoungua vizuri. Zingekuwa na masizi meusi makavu zote ningesema ea klina (chujio la hewa) imeziba au mafuta yanaingia mengi, zingekuwa nyeupe zenye vipele ningeogopa zaidi maana injini inachemka au mafuta hayatoshi. Na plagi moja ikiwa safi kuliko wenzake, kama imeoshwa, huku maji ya rejeta yanapungua, usifurahi, mara nyingi gasketi ya silinda hedi inapitisha maji.

Mwambie fundi azipange plagi kwa namba za silinda kila akizitoa, zikichanganyika kwenye kopo hamtajua ipi ilikuwa wapi. Na kama ni za iridiamu (plagi zenye ncha ya madini hayo) asizisugue kwa msasa wala brashi ya waya, ile ncha ni nyembamba mno, ikiharibika unanunua nyingine.