Kuwafundisha Wadogo Shambani Msimu wa Masika

Mzazi mwenzangu, kama umehamia shamba huku nyuma ya Gede, pwani ya Kenya, na umeamua kuwafundisha watoto wako wadogo mwenyewe, masika ndiyo yatakayokupima. Kiangazi mtoto hujifunza hata ukimwacha azurure. Mvua ikishashika, njia inageuka tope, kusi inapiga makuti usiku kucha, na nyote mmo chini ya paa moja tangu alfajiri. Mei ndio mwezi mzito kuliko yote. Kisha kinaingia kipupwe, Juni hadi Agosti, asubuhi umande umejaa na mtoto hataki kutoka kwenye shuka.

Masika yangu ya kwanza niliandika ratiba kama ya shule: saa mbili hesabu, saa tatu kusoma, mpaka saa sita mchana. Mwanangu mkubwa alikuwa na miaka 6, mdogo 4. Wiki ya pili yule mdogo akiona daftari tu analia. Nilimgombeza, na hadi leo naumia nikikumbuka, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Siku hizi masomo ya kukaa chini hayazidi nusu saa kwa mdogo na saa moja kwa mkubwa. Yaliyobaki tunayafanya shambani, au barazani mvua ikikaza.

Hesabu anza na chelewa, zile njiti za kuti la mnazi. Kuti moja bichi linakupa njiti nyingi kuliko utakazohitaji. Mwache mtoto azichune mwenyewe, azikate ziwe sawa, azifunge kumikumi kwa uzi. Kitita kimoja ni kumi, njiti zilizo peke yake ni mamoja. Mkubwa wangu alikuwa haelewi kabisa kwa nini 32 toa 7 inamlazimu "akope". Nilimpa vitita 3 na njiti 2, nikamwambia anipe 7. Akaziangalia, akakaa kimya, kisha akafungua kitita kimoja bila kuambiwa. Akabaki na vitita 2 na njiti 5. Sikuongeza neno. Usiwahi kumfungulia wewe, hata akichelewa vipi. Mkono wake ukishafungua, na akili imefungua.

Kusoma hakuna haja ya haraka, kwa sababu Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu tano kwanza, halafu ma me mi mo mu, na hapo tayari ana "mama" na "mimi". Ng'ombe na ngoma ziache mpaka sikio lake litofautishe sauti hizo mbili. Tunaandika kwa kidole kwenye sinia lenye mchanga, maana karatasi za masika hunywa unyevu, zikalegea na kuota kuvu. Vitabu nimevitia kwenye ndoo yenye kifuniko. Na kama bibi yake anazungumza naye Kigiriama, mwache azungumze. Hata mtaala wa Kenya unaruhusu madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali watoto wanapoishi. Mtoto anayeweza kusimulia vizuri kwa Kigiriama hana shida kusimulia kwa Kiswahili.

Darasa ninalolipenda zaidi ni dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mazao. Mahindi yakianza kubeba, tunapanda huko juu kuamia ndege na tumbili, mimi nikiwa nao kila wakati. Nyani wakija, hiyo ni kazi ya watu wazima, watoto wanabaki juu. Kukaa dunguni ni kungoja kwingi, na mtoto anayengoja anataka maneno. Kitendawili! Tega! Kuku wangu katagia miibani. Nanasi wanalijua, liko pale mpakani. Lakini usiishie kwenye vya zamani. Waambie watunge vyao kwa vitu wanavyoviona kutoka juu. Mtoto akitunga kitendawili chake, amelazimika kukiangalia kitu mpaka akajua kinafanana na nini na kinatofautiana wapi. Sijaona zoezi la lugha lililo bora kuliko hilo kwa umri huu.

Mvua yenyewe ipimeni. Kopo la maziwa ya unga lenye kuta zilizonyooka, mahali peupe, rula, kila asubuhi saa ileile, mkubwa anaandika milimita. Msisomee jikoni kuni zikiwa mbichi, moshi utawaharibu macho na vifua. Jioni mapema waingie kwenye neti, mbu wa baada ya mvua hawana huruma. Nyasi za njiani zifyekwe, kwa ajili ya nyoka. Na usisahau kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamwajibisha mzazi juu ya masomo ya mwanawe, kwa hiyo nenda ofisi ya elimu ukaulize mapema, hasa anapokaribia Gredi ya 1. Usingoje kuitwa.

Jambo la mwisho: kuku akitaka kuatamia masika, mpe mayai. Kila asubuhi mdogo wangu alichora mstari mmoja wa mkaa mlangoni. Usiku wa saba, mvua ikinyesha, tulizima taa tukaangaza yai kwa tochi, akaona mishipa myekundu imetanda ndani. Alishika mkono wangu hakusema kitu. Siku ya 21 akahesabu mistari yote kwa kidole, peke yake, hakuruka hata mmoja. Akaenda kutazama. Mayai yalikuwa 11, vifaranga 9. Akarudi akaniuliza wawili wako wapi, na hapo ndipo tulipoanza kutoa.