Kutoka kwa Muyaka hadi Kamiti

Swali la jarida hili wiki hii lilikuwa: mwandishi aliyetangulia humwathiri vipi anayekuja nyuma yake, kwa maisha yake au kwa kazi zake? Mimi naona kazi humpa anayefuata ufundi, maisha yakampa ujasiri, na mara nyingi hivi viwili havitoki kwa mtu mmoja. Nitamtolea mfano mshairi Abdilatif Abdalla wa Mombasa, kwa kuwa yeye alipokea kimoja na akawaachia wengine cha pili.

Mwaka 1968, akiwa kijana wa miaka 22, Abdilatif aliandika waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?" wa kuikosoa serikali ya Kenyatta. Mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na sehemu kubwa ya kifungo hicho aliitumikia peke yake kwenye chumba cha gereza la Kamiti, hapa hapa kaskazini mwa jiji letu la Nairobi. Aliandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, na kwa siri mashairi yakatolewa nje. Mwaka 1973 yalichapishwa Nairobi kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu kikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Kila nikilifikiria jambo hilo moyo hunipanda.

Chukua shairi lake la "Mamba". Kila ubeti una mishororo mitatu, na kila mshororo umekatwa vipande viwili: silabi nne, kisha silabi nane. Katika ubeti wa kwanza mshairi anatangaza kwamba analifumba shairi, wenye uwezo walifumbue. Halafu anatuletea mamba mwenye kiburi, anayetamba mtoni na kujiona ataishi daima. Hataji mtu, hataji chama. Msomaji aliyejua shairi limetoka wapi hakuhitaji kutajiwa.

Ufundi huo hakuuzua gerezani. Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, aliwatungia watu wa Mombasa mashairi ya siasa kwa mafumbo enzi ambapo Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walikuwa wakivutana na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Watu waliyahifadhi vichwani miaka mingi kabla ya diwani yake kuchapishwa mwaka 1940. Abdilatif alizaliwa katika mji huo huo, katika ukoo wa washairi. Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita, ni ndugu yake. Basi alipoingia Kamiti bila kitabu, alikuwa ameingia na Muyaka.

Sasa mtazame mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o. Alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka 1977, baada ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioigizwa na wakulima na wafanyakazi wa Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, kupigwa marufuku. Akawekwa Kamiti bila kufunguliwa mashtaka. Humo akaandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kigĩkũyũ, naye vilevile kwenye karatasi za chooni. Ukiviweka vitabu hivi viwili mezani, kimoja ni ushairi wa arudhi, yaani wa vina na mizani, kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kingine ni riwaya iliyojaa masimulizi ya Wagĩkũyũ na kejeli kwa matajiri. Mhakiki anayesaka athari kwa kulinganisha mistari hatapata kitu. Lakini Sauti ya Dhiki ilikuwa imeshasomwa kwa miaka minne, na ilishajulikana kwamba ndani ya kuta zile mtu aliwahi kuandika kitabu kizima na kikatoka. Sidai kwamba Ngũgĩ alimwiga Abdilatif. Ninachosema ni kwamba njia ilikuwa imeshafyekwa. Baadaye, miaka ya 1980, wote wawili walikutana uhamishoni London wakitetea wafungwa wa kisiasa wa Kenya.

Athari nyingine huja kwa kukataa, nayo naiheshimu. Mwandishi wa Tanzania, Euphrase Kezilahabi, alizichambua riwaya za Shaaban Robert hata akaziandikia tasnifu ya uzamili, lakini katika kazi zake mwenyewe wema hauna uhakika wa kushinda, na katika diwani yake ya Kichomi aliacha vina na mizani. Huwezi kuachana na mtu kwa makini namna hiyo kama hujamsoma sana.

Nafundisha Kiswahili shule ya sekondari huku Eastlands, na wenzangu wengine hushikilia kwamba maisha ya mtunzi yasiingizwe darasani. Mimi huanza na "Mamba" lenyewe, tuhesabu silabi, tubishane kuhusu huyo mamba ni nani, ndipo niwasimulie habari za Kamiti. Hapo darasa hunyamaza. Binti mmoja, ambaye nyumbani kwao ni chumba kimoja cha watu wengi, alianza baada ya hapo kutunga nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani, na kuniletea kila Ijumaa. Mashairi yake hayafanani hata kidogo na ya Abdilatif.

Shaaban Robert alituandikia maisha yake mwenyewe katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Ombi langu kwa jarida hili ni kwamba mtenge kurasa za wasifu wa waandishi wetu, kwa Kiswahili, na muanze na walio hai.