Kusoma kwanza, kompyuta baadaye

Dada, umeuliza kama mwanao wa darasa la pili hapo Ujiji afundishwe kuandika programu, wakati hata kusoma bado anasuasua. Kwangu mimi, kusoma kwanza. Programu ni maelekezo yaliyopangwa kwa mfuatano. Asiyeelewa sentensi atapanga nini?

Ila kufikiri kwa hatua hakuhitaji kompyuta. Kule Kibirizi nilimwambia binti yangu anielekeze kuanika dagaa, nami nifanye lile tu alilotamka. Akasema "mwaga", nikamwaga ndoo nzima mahali pamoja. Akafikiri, akabadili: "chota kidogo, tandaza, rudia mpaka ndoo iishe." Hiyo tayari ni programu, yenye marudio na kosa lililosahihishwa!

Akifika darasa la nne, mwonyeshe Scratch, lugha ya watoto ya kuandikia programu, iliyotoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2007. Ni ya bure, ina Kiswahili, na ukishaipakua kwenye kompyuta haidai intaneti. Mtoto huunganisha vipande vya amri kwa kuviburuta. Uingereza walianza mwaka 2014 kuwafundisha hata wa miaka 5, lakini shule zao zina vifaa. Hela ya tuisheni ya kompyuta mnunulie vitabu vya hadithi kwanza.