Ugonjwa ni mmoja, majina ni mengi

Binti yangu alizaliwa amefunikwa utando unaong'aa, kama aliyezungushiwa nailoni, kope zimepinduka nje. Mkunga alinyamaza, kisha kwenye faili akaandika "mtoto wa kolodioni". Baada ya wiki tatu, utando umeshabanduka, hospitali nyingine ikaandika "ikithiosi". Kliniki ya ngozi nayo ikaandika "ikithiosi ya lamela". Usiku ule nililia, nikidhani mwanangu ana magonjwa matatu.

Mzazi mwenzangu, kila ukipewa jina jipya, muulize daktari: hili ni jina la kinachoonekana, au la ugonjwa wenyewe? Kolodioni ni jina la ule utando tu. Hubanduka wenyewe, usiuvute hata kidogo, na wapo watoto ambao chini yake hutoka ngozi ya kawaida kabisa. Ikithiosi ni ukoo mzima wa magonjwa ya ngozi yenye magamba, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki la samaki. Lamela ni aina mojawapo, ile ya magamba mapana. Mwaka 2009 wataalamu walikutana Sorèze, Ufaransa, wakayapanga majina upya, kwa hiyo faili la zamani na la sasa yanaweza yasifanane.

Nunua daftari, uyaandike yote, ya zamani na mapya. Daftari langu liliwahi kumwokoa mtoto. Cheti kiliandikwa "ngozi kavu" tu, nikapewa mafuta yenye asidi ya salisiliki. Kwa ngozi kama yake, dawa hiyo hupenya hadi kwenye damu, na kwa mtoto mchanga ni sumu. Nilimfungulia muuza dawa ukurasa ule, akausoma taratibu, akayarudisha mafuta kabatini, akanipa vaselini.

Mtaani wamempa jina lao, "mtoto samaki", na jirani mmoja aliniuliza nilikula nini nikiwa mjamzito. Nilimwambia: hakuna chakula wala laana. Mimi na baba yake kila mmoja alibeba kasoro ya kurithi iliyojificha, na kwa kila mimba uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya minne. Alikaa kimya, kisha akaomba kumpakata. Ilikuwa saa saba, jua kali, na mwanangu hatoki jasho vizuri, nikampa akiwa ameviringishwa kwenye kanga iliyolowa maji.