Mkuu usitoboe hilo tumbo la ndege kabla hujapima

Weka drili chini kwanza. Umeandika mnafunga altimita ya rada, kile chombo cha kupima kimo cha ndege toka ardhini kwa mawimbi ya redio, kwenye ndege yenu ndogo ya Caravan hapo uwanja wa Songwe, antena mbili zikae nyuma ya podi ya mizigo (lile sanduku la chini ya tumbo) zikiachana shubiri moja hivi kwa sababu bati limenyooka na kebo inafika kirahisi, halafu unauliza ununue kebo gani na makaratasi ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, yanakuwaje. Kebo isubiri, makaratasi yasubiri. Hiyo shubiri moja ndiyo itakayowaliza, sisi huku Iringa imeshatuliza.

Aliyetushauri ni jamaa aliyetuuzia vifaa. Kaja na laptopu yake, kazunguka ndege mara moja flapu (vile vibamba vya nyuma ya mabawa vinavyoshuka) zikiwa juu, hata kuinama hakuinama, akasema popote tumboni panafaa ilimradi pawe bapa. Popote! Mtu unamlipa kwa kazi hiyohiyo anakwambia popote. Tukatoboa. Kwenye hanga kila kitu safi, sifuri inasoma sifuri, watu wanapeana mikono. Sasa ndege iruke. Ikiwa chini chini inasoma vizuri, ikipita futi elfu na kitu namba zinaanza kucheza, mara inaganda kwenye futi chache na rubani anaiona misitu ya Sao Hill iko mbali kabisa chini yake. Na mawingu ya huku unayajua, kuna asubuhi toka Mafinga mpaka Njombe huoni kitu, siku hiyo rubani anaitegemea namba ileile inayomdanganya.

Kwa nini hanga haikuonyesha? Hii mashine inafanya kazi kati ya megahezi 4200 na 4400, antena moja inatuma nyingine inapokea, inapima muda wa mwangwi kwenda na kurudi ardhini, futi moja ya kimo ni kama nanosekunde 2 tu. Ukiwa chini mwangwi ni mkali. Ukipanda unadhoofika, ila ile nguvu inayovuja moja kwa moja toka antena ya kutuma kwenda ya kupokea haidhoofiki hata kidogo, iko vilevile chini na juu. Ni kama unamsikiliza mwenzako aliye ng'ambo ya bonde na mtu mwingine anakupigia kelele sikioni. Mahali uvujaji unapoushinda mwangwi, mashine inashika uvujaji na kukwambia ardhi hii hapa.

Na usiseme ni namba tu ya kwenye kioo. Tarehe 25 Februari 2009 Boeing 737 ya Turkish Airlines ilikuwa inaenda kutua Amsterdam, altimita ya rada ya kushoto ikasoma futi -8 ndege ikiwa bado angani, otomatiki ya injini ikadhani ndege inagusa ardhi ikapunguza nguvu, watu 9 wakafa. Sisemi chanzo kilikuwa nafasi ya antena, nasema ujue hii namba inaaminiwa kiasi gani.

Kuhamisha antena ukishatoboa ndiyo balaa lenyewe. Tundu la zamani huzibi kwa silanti ukaondoka, unaweka dabla (kipande cha bati cha kuongeza nguvu), unapiga riveti, mhandisi wa mwili wa ndege aidhinishe, na matundu mapya nayo yanataka dabla zake kwa ndani. Ndege imekaa chini msimu wa watalii wa Ruaha, bosi anapiga simu kila asubuhi, na yule jamaa wa popote simu yake haipatikani. Nikimkumbuka hadi leo damu inachemka.

Kwa hiyo PIMA KABLA YA KUTOBOA. Funga antena zenyewe kwenye vipande vya bati, vibandike tumboni kwa tepu ya alumini pande zote, azima netiweki analaiza, mashine ya kupima mawimbi, uone nguvu inapotea desibeli ngapi toka antena ya kutuma mpaka ya kupokea (zikipotea nyingi ndiyo vizuri, uvujaji ni mdogo), linganisha na kiwango cha kwenye kitabu cha mtengenezaji. Haitafanana kabisa na ukishafunga, lakini pabaya patajulikana. Tandika soponji ya kunyonya mawimbi sakafuni maana sakafu ya hanga nayo inarudisha mwangwi. Haijafika kiwango? Zisogeze mbali zaidi, pima tena. Na flapu ziwe chini zote, ulale chali chini ya ndege uangalie antena inaona nini, mguu wa gurudumu, ukingo wa podi, antena ya transponda (kile chombo kinachoijibu rada ya waongoza ndege), wimbi lenyewe ni sentimita 7 hivi kwa hiyo hata kipini cha mlango wa podi ni kitu kikubwa kwake.

Mtego mwingine, ukizungusha antena moja robo mzunguko desibeli zitapanda vizuri sana utafurahi, kumbe na mwangwi wa ardhini umeukata. Zote mbili zielekee vile kitabu kinavyosema.

Kebo usikate hata kipande mpaka nafasi ijulikane, urefu wa zote mbili unaingia kwenye hesabu ya sifuri pamoja na kimo cha antena magurudumu yakigusa ardhi. Wapaka rangi wasiguse uso wa antena.

Piga picha ya tumbo flapu zikiwa chini, itume hapa pamoja na desibeli ulizopata, nitaangalia usiku huu huu.