Kabati la bibi: fungua milango kabla ya kushika msasa

Dada yangu, umeuliza kama kabati uliloachiwa na bibi yako hapo mtaa wa Langoni, Lamu, ni la kale kweli, na kama ulipige msasa na vanishi kabla yule mnunuzi wa kutoka ng'ambo hajarudi. Nakusihi, msasa uweke kando kwanza.

Kwetu mtaa wa Mkomani tuna kabati la msaji, milango miwili ya nakshi za maua na komeo la shaba. Msaji si mti wa Lamu. Mbao zake zilikuja na majahazi kutoka Bara Hindi, msimu wa kaskazi. Babu mzaa babu alikuwa nahodha, na sisi tulijua hilo tu. Binamu yangu alipotaka lipakwe rangi mpya kwa ajili ya harusi, shangazi alikataa katakata. Akafungua mlango wa kushoto, akatuonyesha upande wa ndani: majina ya watoto waliozaliwa nyumba ile, kwa wino, kwa hati za Kiarabu, na tarehe za Hijria. Wawili walikufa wadogo na hatukuwahi kuwasikia. Mmoja wao ndiye ambaye baba yangu alipewa jina lake. Msasa ungelifuta hilo kwa asubuhi moja.

Kwa hiyo ita wazee wa kwenu, wafungue wenyewe, wewe uandike wanayosema.

Umri usiupime kwa nakshi, maana mafundi wa Lamu wanachonga zile zile hadi leo, na kwa ustadi. Chomoa droo utazame chini na mgongoni. Alama za tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, na misumari ya pembe nne, iliyofuliwa kwa mkono, ni dalili nzuri. Ujue pia kwamba nyumba za mawe za zamani ziliweka vyombo kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, hivyo makabati ya kusimama mengi ni ya baadaye.

Lisogeze mbali kidogo na ukuta, unyevu wa chumvi hula mgongo, na miguu iwe juu ya vijiwe kwa sababu ya mchwa.

Kuhusu mnunuzi: sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Nenda Makumbusho ya Lamu uwaulize kabla hujapokea hata shilingi. Mimi nisingeuza.