Ripoti ya taasisi ya sera Uingereza: anza na fedha

Ndugu muulizaji, umeuliza kama ripoti ya IEA (Institute of Economic Affairs, taasisi ya sera ya Uingereza) kuhusu kodi inafaa kwenye insha yako kama ushahidi usioegemea upande. Usiitumie hivyo. IEA, iliyoanzishwa 1955, inatetea soko huria waziwazi. IPPR (Institute for Public Policy Research), taasisi nyingine ya sera iliyoanzishwa 1988, iko mrengo wa kushoto. Zote zinastahili kusomwa, ila zisome kama hoja.

Ili kujua nani anaifadhili taasisi, fungua daftari la mashirika ya hisani la Charity Commission, msimamizi wa mashirika hayo Uingereza na Wales, andika jina la taasisi, pakua hesabu za mwaka. Kwenye mapato mara nyingi utakuta "michango" imeandikwa kwa jumla moja, majina hakuna. Hapo ndipo wengi hukwama: sheria haiwalazimishi kumtaja kila mfadhili. Basi angalia majina ya bodi ya wadhamini, na kazi zao nyingine. Taasisi isiyo ya hisani itafute Companies House, msajili wa kampuni Uingereza, mfano Centre for Policy Studies, ambayo wanasiasa wa Conservative Keith Joseph na Margaret Thatcher waliianzisha 1974.

Takwimu zenyewe za kodi chukua kwa IFS (Institute for Fiscal Studies), taasisi ya utafiti wa kodi na bajeti. Hao huichambua bajeti ya kila waziri wa fedha, awe wa Labour au Conservative, na huonyesha jinsi hesabu zao zilivyopatikana.